Mwalimu, Kitabu Chako Kiko Kwenye Shamba la Mtama

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Nimeandika hadithi 6 za wanyamapori kwa ajili ya wanafunzi wangu, kwa sababu vitabu tulivyonavyo ni vichache na vingi vimeshachanika. Ningependa kuwa mwandishi wa watoto kama wewe. Mwalimu mwenzangu wa sayansi anasema kuandika wanyama wanaoongea ni kuwadanganya watoto. Ni kweli? Nianzie wapi, na je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii? Nimeambatanisha hadithi mbili. Samahani kwa mwandiko wa haraka, wiki hii darasani tuko kumi na tisa tu kati ya sitini, wengine wote wako mashambani wanaamia ndege wasile mtama.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Na mbukwa pia, salamu yetu ya Kigogo, kama wewe ni wa huku. Kama umepangiwa tu Chamwino, basi utakuwa umeshaizoea salamu hiyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sentensi iliyonishika ni ya mwisho, ile uliyoiandika kuomba radhi. Nitairudia. Tuanze na mwenzako wa sayansi.

Ana haki nusu. Mtoto wa miaka tisa hadanganyiki na sungura anayeongea. Amekaa kando ya moto na bibi yake, amesikia fisi akipiga soga na kobe, na kesho yake amekwenda kuchunga bila kutarajia mbuzi amsalimie. Anajua hadithi ni hadithi. Anapodanganyika ni pale unapomwambia jambo la uongo kwa sauti ya ukweli. Hadithi yako ya kwanza inasema simba ni "mfalme wa msituni". Mwalimu, simba gani huyo anayeishi msituni? Simba ni mnyama wa nyika, wa majani marefu na miti ya mbalimbali. Maneno hayo tumeyarithi kwenye vitabu vya wageni, tukayakariri kama wimbo. Na sungura wa hadithi yako ya pili anakula karoti na kulala shimoni. Sungura wetu wa porini hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi, kwenye kijibonde chini ya kichaka, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho yamefunguka. Karoti wanafunzi wako wameionea sokoni, kama wameiona. Mpe majani ya kunde, kila mtoto atakuelewa, na mama mwenye shamba atamkasirikia sungura kweli kweli.

Mfano ninaoupenda zaidi ni fisi, maana huku kwetu fisi si mnyama wa picha. Tunamsikia usiku tukiwa kitandani. Fisi wa hadithi zetu ni dume, mroho, mjinga. Njia mbili zilimshinda, akapasuka msamba. Wapo wanaoamini pia kwamba wachawi humpanda usiku, na mtoto hulala na hofu hiyo. Sasa mtazame fisi madoa mwenyewe. Ukoo wake huongozwa na majike. Jike ni mkubwa kuliko dume, na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu 1972, alionyesha kwamba wanawinda sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe, na mara nyingi simba ndiye anayekuja kuwapora. Meno yake huvunja mfupa, ndiyo sababu kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Muulize mchungaji yeyote darasani kwako kama hajakiona.

Hadithi ya njia mbili usiitupe. Isimulie kama ilivyo, ni mali yetu. Ila ukiandika ya kwako, fikiria kina Mama Fisi wanaokaa baraza la ukoo, na dume mgeni anayeomba kupokewa akiwa ameinamisha kichwa. Hapo wanaongea, na bado mwenzako wa sayansi hana la kukosoa. Kiswahili nacho kinakuwekea mtego mzuri: tunasema "alikuja", "akacheka", na msomaji hajui ni jike au dume. Unaweza kumficha kiongozi wa ukoo mpaka ukurasa wa mwisho. Nimeusoma mtego huo darasani mara nyingi. Wavulana hupiga kelele za kupinga, wasichana hukaa kimya wakitabasamu.

Jambo moja tu: usimfanye fisi awe mpole kiasi cha mtoto kutaka kumfuata. Anakula mbuzi, na mtoto mdogo anayetembea peke yake usiku hana usalama. Liseme hilo bila kutisha, kama mama anavyosema.

Makosa haya nimeyafanya mimi mwenyewe kabla yako. Kitabu changu cha pili kilikuwa cha kiboko. Nilikipeleka kwenye shule moja karibu na Bwawa la Mtera, nikakisoma kwa madaha. Nilipofika kwenye maneno "Kiboko aliogelea haraka kama samaki", mtoto wa mvuvi akanyosha kidole. "Mama, kiboko haogelei. Anatembea chini." Darasa zima likacheka. Nilirudi Dodoma nikaulizia kwa watu wa wanyamapori, na mtoto alikuwa sahihi: mwili wa kiboko ni mzito, huzama, naye hukanyaga chini ya maji na kujisukuma, kisha hupanda kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Nakala zilikuwa zimeshachapwa. Bado zipo mtaani, na kila nikikutana na moja naona aibu upya.

Tangu siku ile mswada wangu hauendi kwa mchapishaji kabla haujasomwa na mchunga mifugo, askari wa wanyamapori na mtoto. Mchungaji ananiambia mnyama anafanya nini hasa. Askari ananiambia pale nilipokosea jina. Mtoto ananiambia pale nilipochosha. Haongei, anaanza kukwaruza dawati.

Ukiniuliza uanzie wapi, basi anzia kwenye korongo nyuma ya shule. Nenda alfajiri kabla mifugo haijavuruga mchanga, usome nyayo. Wayo wa fisi unaonyesha alama za kucha, wa chui hauonyeshi, kwa sababu chui huzirudisha ndani anapotembea. Kwa jamii ya paka, duma ndiye anayevunja kanuni hiyo. Hayo tayari ni kurasa nne za kitabu, na hujalipa kiingilio cha hifadhi. Siku ukipata nafasi, nenda Ruaha kupitia Iringa, au upande wa Manyoni kwenye mapori ya Muhesi, Kizigo na Rungwa, au juu kule Kondoa, Swaga Swaga na Mkungunero. Lakini usisubiri safari. Nimeona waandishi wengi wakingoja Serengeti, na nungunungu anakula mihogo nyuma ya nyumba yao.

Nikupe mfano wa kitabu changu kinachopendwa kuliko vyote. Unajua jina la mji wetu wa Dodoma lilivyopatikana: tembo alikwenda kunywa maji, akakwama kwenye tope, akazama, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", amezama. (Wapo wanaosimulia kwamba kilichozama ni ng'ombe wa wizi, ambao wenyewe walikuta mikia tu imechomekwa kwenye tope. Hiyo nayo ni hadithi tamu, ila ina wezi wanaoshinda, na wahariri wa vitabu vya shule hawaipendi.) Nilikuwa nasimulia ile ya tembo shuleni, msichana mmoja wa darasa la pili akauliza: "Mama yake alikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma habari za tembo. Familia ya tembo huongozwa na jike mzee, na mtoto akikwama kwenye tope, mama na mashangazi huingia, wakamsukuma kwa miguu na kumvuta kwa mikonga. Basi kitabu kikawa hicho: ndama anadidimia kwenye tope la zamani sana, kabla ya mji, na mashangazi wanafika mmoja mmoja. Mji hautajwi mpaka ukurasa wa mwisho.

Mchoraji wa kwanza wa kitabu hicho alinichorea tembo wa India. Masikio madogo, mgongo umebinuka kama wa nguruwe. Alikuwa ameichukua picha kwenye intaneti. Tembo wetu ana masikio makubwa na mgongo uliobonyea katikati. Nilimbeba mchoraji huyo hadi Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia 2006 na ambayo Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili 1951. Tulikaa mbele ya mwamba tukatazama twiga na tembo waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo. Mtu wa zamani yule hakuchora unyoya hata mmoja, na bado unamjua mnyama ukiwa hatua ishirini. Mchoraji wangu hakusema kitu njia nzima ya kurudi. Wiki iliyofuata alileta michoro mipya, na ndiyo iliyomo kitabuni.

Sasa lugha, maana hapa ndipo walimu wanapowazidi waandishi wengine. Ushauri wa kuhesabu maneno katika sentensi haufai sana kwa Kiswahili. Neno letu moja ni sentensi nzima. "Alipomkimbilia" ni neno moja, lakini mtoto wa darasa la pili anapanda nalo mlima. Mimi nahesabu silabi. Kwa darasa la kwanza na la pili najitahidi neno lisizidi silabi tano, na sentensi iishie pale pumzi ya mtoto inapoishia. Herufi zinazobanana kama "mbw" na "nyw" nazitoa moja moja, na zikija zirudi mara kadhaa, mpaka ulimi uzoee. Tanakali za sauti hazina bei: kiboko akitumbukia chubwi, mfupa ukivunjika kacha, mtoto anasoma huku mwili mzima unacheza.

Na majina. Wanafunzi wengi huita kila chenye pembe "swala". Wape tandala, pofu, kuro, pongo, digidigi, palahala. Kuna ukurasa mmoja niliouandika kwa kujifurahisha tu: korongo mwenye pembe anasimama ndani ya korongo lililochimbwa na mvua, anamtazama korongo mwenye miguu mirefu. Mnyama, bonde, ndege, neno moja. Mhariri alitaka kuufuta akisema utawachanganya watoto. Hauwachanganyi. Wanausoma tena na tena wakijaribu kumkamata mwenzao.

Kuhusu kuwapa wanyama majina ya watu, usiogope. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe 1960 aliwapa sokwe majina badala ya namba, wasomi wakamlaumu, na ndiye baadaye aliyeuonyesha ulimwengu kwamba sokwe hutengeneza zana za kuvulia mchwa. Aliwaandikia watoto pia. Ila jina pekee halitoshi kama mnyama hana tabia yake. Ukimvalisha swala sare ya shule na kumpeleka mtihanini, umeandika habari ya mwanafunzi, na ungemwita tu Juma.

Utakutana na watu watakaokutaka umalizie kila hadithi kwa "tuwatunze wanyamapori wetu". Wafadhili wanapenda sana sentensi hiyo. Mimi nimeikataa kwenye vitabu vyangu, na kazi mbili nimezikosa kwa sababu hiyo. Mtoto ambaye shamba lao limelimwa upya na tembo usiku mmoja haishiki sentensi hiyo. Chura wa Kihansi je? Kachura kenye urefu usiofika sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga, ambaye makazi yake yalikuwa kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi tu. Bwawa la umeme likapunguza maji. Mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, 2009 ikatangazwa kwamba porini wameisha, 2012 wengine wakarudishwa nyumbani. Simulia hivyo tu, na taa ya umeme ikiwaka darasani. Watoto watabishana wenyewe nani alikuwa na haki.

Umeuliza kama mtu anaishi kwa kazi hii. Piga hesabu nami. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 5,000 na mrabaha wako ni asilimia 10. Hiyo ni shilingi 500 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 2,000 umepata 1,000,000, na nakala hizo haziishi kwa mwaka mmoja. Zamani kidogo Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulikuwa unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, kwa hiyo mchapishaji hakuogopa kuchapa. Soko la sasa ni gumu zaidi. Mimi nilifundisha mpaka kustaafu, nimehariri vitabu vya watu, na nina ekari moja ya zabibu Hombolo. Zabibu zimelipa ada nyingi kuliko tembo. Usiache kazi, Mwalimu.

Mambo ya uchapishaji nitayapitia haraka. Kitabu cha picha huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, ndiyo maana kurasa huwa 16, 24 au 32. Panga hadithi yako ukijua hilo. Kikitakiwa kutumika shuleni kama kitabu cha ziada, hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania kupata ithibati. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa 2023 kwa riwaya na ushairi, na mwaka uliofuata ikaingiza hadithi za watoto, peleka mswada. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam. Nilikuwa nakwenda kwa basi siku nzima kurekebisha mkato mmoja. Sasa kuna treni ya SGR, naondoka asubuhi na kulala nyumbani.

Mkataba usome kwa miwani. Mswada wangu wa kwanza niliuuza moja kwa moja, haki zote, kwa fedha iliyotosha kununua baiskeli. Kitabu kimechapwa tena na tena na sijapata senti nyingine, na sina wa kumlaumu kwa sababu nilitia sahihi mwenyewe nikiwa na furaha. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu unapoandika, maisha yako yote na miaka 50 baada yake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi ili uwe na ushahidi. Lakini sheria haikurudishii ulichouza.

Sasa ile sentensi yako ya mwisho.

Watoto 41 wako shambani, kwenye madungu, wana makombeo na madebe, wanaamia kwelea kwelea. Wewe umeiona kama kero ya mahudhurio, na ni kero kweli, sikatai. Lakini hebu fikiria wanajua nini. Kwelea ndiye ndege wa porini aliye na idadi kubwa kuliko wote duniani. Ana mdomo mwekundu na uzito wa gramu 20 hivi. Kwa siku anakula nafaka gramu 10 hivi. Kundi la ndege milioni moja, basi, linamaliza tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia, kati ya jua kuchomoza na kuzama. Hiyo peke yake ni hesabu ya darasa la tatu. Wanapenda mtama ukiwa bado una maziwa. Dume ndiye anayesuka kiota, kwenye miti ya miiba, mti mmoja ukabeba viota mamia. Serikali huleta ndege ya kunyunyizia sumu kwenye malalo yao. Kondoa watu huwatega kwa nyavu na kuwala. Adui, kitoweo na maajabu, wote katika kiumbe kinachoenea kiganjani.

Hadithi zako mbili za simba na sungura ziweke kabatini. Zina sentensi nzuri, utazitumia siku nyingine. Watoto wakirudi usiwaulize kwanza kwa nini hawakuja. Waulize kundi linasikikaje kabla halijaonekana. Waulize nani hulipigia kelele likageuka, na nani hulitazama tu akasahau kurusha jiwe. Muulize mmoja wao kama amewahi kumshika kwelea mzima mkononi, na moyo wake ulikuwa unapigaje. Andika majibu kwa maneno yao, hata yakija kwa Kigogo, kisha nisomee siku ukija mjini.

Sentensi ya kwanza usihangaike kuitafuta, umeshaniandikia: "Wiki hii darasani tuko kumi na tisa tu."